Kushoto na Kulia katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Tangu miaka ya 1970 pamekuwapo desturi katika uhakiki wetu ya kuwapanga waandishi wa Kiswahili katika safu mbili. Katika safu moja huwekwa wale wanaoitwa wa mrengo wa kushoto, yaani wanamapinduzi, watetezi wa makabwela, maadui wa ubepari na ukabaila. Katika safu ya pili huwekwa wa mrengo wa kulia, yaani wahafidhina, wapingamaendeleo na watu wanaosemekana kuwa bado wana kasumba. Sisi wenyewe tumefundisha kwa kutumia safu hizo, tukizichora ubaoni kwa mstari mmoja ulionyooka katikati, na tumewahi kusahihisha karatasi za wanafunzi walioweza kumweka kila mwandishi mahali pake bila ya kuwa wamefungua kitabu chake hata kimoja. Katika makala haya tungependa kuuliza jambo ambalo halikuulizwa vya kutosha: je, tunapoamua kwamba kitabu fulani ni cha kushoto au cha kulia, huwa tunapima nini hasa? Tunaona kwamba kipimo kilichotumika mara nyingi kilikuwa kibovu, na kwamba aliyeumizwa zaidi na ubovu huo alikuwa Euphrase Kezilahabi, kwa ajili ya riwaya zake mbili zinazohusu siasa ya Ujamaa, yaani *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975) na *Gamba la Nyoka* (1979).

Yafaa tuanze na asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1789, wajumbe wa Bunge la Taifa la Ufaransa walipokuwa wakijadiliana huko Versailles iwapo mfalme aachiwe haki ya kuzuia sheria kwa kura ya turufu, waliomtetea mfalme walizoea kukaa kuliani mwa mwenyekiti, na waliompinga wakakaa kushotoni. Basi hapo mwanzo swali lilikuwa moja tu: nani awe na neno la mwisho, mamlaka yaliyorithiwa au mkutano wa watu? Katika karne ya 19, viwanda vilipoenea na wafanyakazi wakawa wengi, swali la mali lilijiunga na swali la mamlaka, na tangu hapo yamekwenda pamoja.

Mtu wa kushoto huamini kwamba sehemu kubwa ya tofauti iliyopo kati ya tajiri na maskini imetengenezwa na watu, kwa sheria, kwa vita na kwa urithi, na kwamba kilichotengenezwa na watu chaweza kutenguliwa na watu. Mtu wa kulia huamini kwamba binadamu hawalingani kwa vipawa wala kwa juhudi. Kwamba mali, familia, dini na mila ni kuta zilizojengwa na vizazi vingi. Na kwamba anayezibomoa kwa pupa huweza kuachilia mamlaka makali zaidi kuliko yale aliyotaka kuyaondoa. Hoja zote mbili zina uzito, na zote mbili zimewahi kutumiwa na watu wakatili. Tena haziendi pamoja kila mara: mtu huweza kuwa wa kushoto katika suala la mashamba na viwanda, akawa wa kulia katika suala la ndoa na malezi. Wazee wetu wengi walikuwa hivyo, nao hawakuona mgongano wowote.

Maneno haya yalipoingia katika Kiswahili hayakukuta nyumba tupu. Mkono wa kulia ndio mkono tunaolia chakula. Huitwa pia mkono wa kuume, na wa kushoto ukaitwa wa kuke. Mtoto hukatazwa kupokea kitu kwa mkono wa kushoto, na mgeni anayempa mwenyeji wake kitu kwa mkono huo huhesabiwa kuwa hana adabu. Kwa hiyo lugha yetu ilikuwa imekwisha kuchagua upande kabla siasa haijafika, na waliotaka umma uipende siasa ya kushoto walilazimika kupata maneno mengine. Hata neno lenyewe mrengo, ambalo kwa mvuvi wa pwani halikosi kukumbusha mrengu wa ngalawa, lilibaki zaidi katika magazeti na mihadhara. Watu wa kawaida hawakusema kwamba wao ni wa kushoto. Walisema wanapinga unyonyaji, na neno hilo, likitokana na kitendo cha mtoto kwa mama yake, lilieleweka kwa mara moja.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika kwa kuyapindua maneno ya heshima. Kabaila katika Kiswahili cha zamani alikuwa mtu wa ukoo mkubwa mwenye cheo. Bwanyenye alikuwa mtu mwenye uwezo anayestahili kuamkiwa kwanza. Bepari, neno lililotujia kutoka kwa wafanya biashara wa Kihindi, alikuwa mchuuzi au mfanya biashara tu, wala hakukuwa na tusi ndani yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 maneno hayo matatu yakawa ya kukemea. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanya biashara wa Venisi, aliiita *Mabepari wa Venisi*. Kwa maana ya zamani jina hilo ni tafsiri sahihi. Kwa maana ya mwaka 1969 ni uhakiki mzima uliowekwa juu ya jalada, kwani msomaji aliingia katika tamthilia akiwa amekwisha kuambiwa awatazame kwa jicho gani watu wa Venisi, Mkristo na Myahudi kwa pamoja. Sisi hatumlaumu mfasiri. Twalitaja jambo hili ili ionekane kwamba kushoto na kulia huweza kukaa ndani ya neno moja, likawa limebadilika bila ya kubadilika herufi.

Sasa tuje kwenye Ujamaa, maana hapo ndipo kipimo chetu kilipopinda. Katika maandishi yake ya mwaka 1962 Mwalimu alieleza Ujamaa kuwa ni moyo au tabia ya fikira, akakataa kuujenga juu ya vita vya matabaka, akaujenga juu ya familia ya Kiafrika ya jadi ambamo kila mtu alifanya kazi na mgeni alipokelewa. Msomaji atazame vizuri mawe ya msingi huo: jamaa, jadi, heshima, kazi ya pamoja chini ya wakubwa. Kule Ulaya mawe hayo huchukuliwa na watu wa kulia. Huku kwetu yalijengea nyumba ya kushoto, na nyumba hiyo ilisimamiwa na chama na serikali. Matokeo yake yalikuwa kwamba kushoto na serikali vikawa kitu kimoja katika akili ya wahakiki. Aliyeisifu siasa ya nchi alihesabiwa kuwa mwanamapinduzi, hata kama alikuwa akitunga mashairi ya kumsifu mkubwa wake kama walivyotunga malenga wa makasri ya zamani. Aliyetia shaka alihesabiwa kuwa wa kulia, bila ya kuulizwa anatia shaka kutoka upande gani.

*Gamba la Nyoka* kinahusu kuanzishwa kwa vijiji vya Ujamaa. Vijana wawili wasomi, Mamboleo na Mambosasa, wanarudi kwao wakiwa na mafunzo ya ujamaa vichwani. Katika majina yao kuna dhihaka: yote mawili yana maana ileile, kana kwamba mwandishi anatuambia kwamba hao ni mtu mmoja aliyegawanywa, au kwamba mambo ya leo na mambo ya sasa hayatofautiani sana. Kijiji cha Kisole kinakataa kuhama, na dola inakuja na nguvu zake. Jambo hili halikuwa la kubuniwa tu. Mwishoni mwa mwaka 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa ni amri, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa, wengine kwa hiari yao, wengine kwa malori na askari, na wengine nyumba zao zikibomolewa nyuma yao.

Basi watu wa Kisole ni wa kushoto au wa kulia? Hapa kipimo cha zamani kinajibu haraka: wanapinga Ujamaa, kwa hiyo ni wa kulia, na mwandishi anayewapa sauti yuko pamoja nao. Tukitazama vizuri tutaona kwamba jambo ni gumu zaidi. Wanakisole wanatetea mashamba yao, makaburi ya wazee wao na mpangilio wa maisha walioukuta. Hiyo ni hoja ya kulia iliyo safi kabisa, na tukiidharau tutakuwa hatukumwelewa mkulima yeyote duniani. Lakini wanatetea pia haki ya watu wasio na cheo ya kuamua watakaa wapi, dhidi ya mamlaka ambayo hawakushirikishwa katika uamuzi wake. Hilo ndilo swali la Versailles la mwaka 1789, na wanaoliuliza wamekaa kushotoni. Wasomi wawili nao wanabeba maneno ya kushoto, ya usawa na ya kuondoa unyonyaji, ila wanayafikisha kwa njia ambayo mjumbe wa mfalme angeitambua: amri inatoka juu, mwananchi anatii.

Kezilahabi aliuona msalaba huo wa njia na hakukubali kuuficha, wala hakukubali kuwafanya Wanakisole malaika. Ndani ya kitabu hicho ujinga, tamaa na woga vimegawanywa kwa kila upande. Kanisa nalo halikusamehewa. Jina la kitabu lenyewe lina ndimi mbili: nyoka anapovua gamba huonekana mpya na mwenye kung'aa, lakini bado ni nyoka. Je, ni jamii inayovua mambo ya zamani ili ikue, au ni utawala unaovua ngozi na kubaki na meno yake? Mwandishi hakutujibu, na wahakiki wengi waliotaka jibu walisema kwamba amekata tamaa.

Hapa tunataka kukumbusha jambo moja ambalo limetushangaza kila tulipolifikiria. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere alichapisha kijitabu kiitwacho *Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi*, na humo alikiri waziwazi kwamba Tanzania haikuwa nchi ya kijamaa wala haikuwa imejitegemea bado, akayataja makosa ya utekelezaji pamoja na uzembe wa viongozi na wananchi. Kijitabu hicho kilisomwa katika matawi ya chama, na hakuna aliyethubutu kumwita mwandishi wake mtu wa kulia. Miaka miwili baadaye mwandishi wa riwaya aliyatazama makosa yayo hayo kutoka upande wa nyumba iliyobomolewa, akahesabiwa kuwa mtu wa mashaka. Kwa hiyo tofauti haikuwa katika yaliyosemwa. Ilikuwa katika aliyeyasema na mahali alipokuwa amesimama alipoyasema, na kipimo kinachotegemea cheo cha msemaji hakifai kuitwa cha kushoto.

*Dunia Uwanja wa Fujo* kina tatizo lake. Tumaini anarithi mali, anaitapanya kwa anasa, kisha anajirudi na kuwa mkulima mkubwa. Siasa mpya inapotaka kuyataifisha mashamba yake anamuua kiongozi wa serikali, naye anahukumiwa kunyongwa. Wako waliosoma kwamba mwandishi anamlilia bepari. Sisi tunakiri kwamba sehemu ya mwisho ina haraka, na mauaji yanatokea kabla msomaji hajaandaliwa vya kutosha, kosa ambalo ni la ufundi. Hata hivyo hatuoni kilio. Tunachoona ni mtu ambaye utu wake wote umeshikamana na mali kiasi kwamba anayegusa mali anakuwa amemgusa yeye. Mwandishi anatuonyesha jinsi inavyokuwa kutoka ndani, na kuonyesha kutoka ndani si kutetea. Mhakiki wa kushoto angepaswa kufurahi kupewa maelezo hayo, kwa sababu hotuba elfu moja kuhusu ubepari hazikuwahi kumweleza vile.

Baadaye Kezilahabi aliandika tamthilia ya *Kaptula la Marx*, iliyozunguka mikononi mwa wanachuo kwa miaka mingi kabla ya kuchapishwa mwaka 1999. Rais Kapera amevaa kaptula kubwa kupita kiasi chake, na anaongoza mawaziri wake katika safari ya kwenda kwenye nchi ya Usawa. Kicheko ni kikali. Lakini kinachochekwa ni mvaaji. Kaptula yenyewe haikuchanwa, wala nchi ya Usawa haikutangazwa kuwa mahali pasipofaa kwenda. Mtu wa kulia angeandika tamthilia nyingine kabisa, angetuambia kwamba hakuna nchi kama hiyo na kwamba wasafiri wangefanya vyema kubaki nyumbani.

Upande wa pili wa mstari wetu wa ubaoni alikuwapo Shafi Adam Shafi, na hakuna aliyebisha. *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978) kinahusu Unguja kabla na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. *Kuli* (1979) kinahusu Rashidi na wachukuzi wa bandarini, na mgomo wa mwaka 1948. Ni riwaya za kushoto kwa shabaha na kwa moyo. Hata hivyo, mhusika anayebaki akilini mwetu kutoka katika riwaya ya kwanza si yule anayeongoza harakati za siri. Ni Kijakazi, mtumishi ambaye umri wake umekwisha katika nyumba ya Fuad, anayemwona bwana wake kuwa ameumbwa kutumikiwa na yeye mwenyewe kuwa ameumbwa kutumika. Kijakazi hana shamba, hana dhahabu, hana cha kupoteza, na bado ndiye mlinzi mwaminifu kuliko wote wa mpangilio wa zamani. Katika safu zetu mbili za ubaoni hatukuwa na mahali pa kumweka. Kwa tabaka alikuwa wa kushoto. Kwa imani alikuwa wa kulia kuliko Fuad, kwani Fuad aliamini anasa zake tu, na Kijakazi aliamini utaratibu. Ebrahim Hussein alikuwa amekwisha kuligusa jambo la jirani na hili katika *Mashetani* (1971), ambamo ukoo wa Juma umepoteza mali yake kwa Mapinduzi na nyanya yake anaomboleza enzi iliyokwisha, wakati ukoo wa Kitaru unapanda katika utajiri mpya. Juma anapouchukia utajiri wa Kitaru, je, anachukia tofauti ya matabaka, au anachukia kwamba tabaka la juu si lake tena? Vijana wawili wanaotumia maneno yaleyale dhidi ya matajiri huweza kuwa wamekuja kutoka pande mbili zisizopatana.

Utata huongezeka tunapoingia katika ushairi, kwa sababu huko kuna kushoto na kulia kwa umbo pia. Miaka hiyo ya 1970 palikuwa na ugomvi mkubwa juu ya vina na mizani. Waliotetea kanuni waliitwa wanajadi. Waliotunga mashairi huru, Kezilahabi akiwa mmojawapo kwa diwani yake ya *Kichomi* (1974), waliitwa wanamabadiliko. Ngonjera za Mathias Mnyampala zilibeba siasa mpya ya taifa ndani ya umbo lenye vina vilivyotimia. Na huko Kenya Abdilatif Abdalla alikuwa amefungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wa *Kenya: Twendapi?* uliotetea upande wa KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga kilichoishambulia serikali kutoka kushoto. Gerezani alitunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki*, yaliyotoka mwaka 1973, na kanuni za wazee wake wa Mvita amezishika kwa uaminifu ambao mwanajadi yeyote angeuonea fahari. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Basi yuko mshairi wa kushoto kwa siasa na wa kulia kwa umbo. Na yuko mwingine, huku kwetu, aliyevunja umbo na akatuhumiwa kurudi nyuma katika siasa. Wote wawili waliishi wakati mmoja, katika lugha moja, na mstari wetu wa ubaoni haukuweza kumpita hata mmoja wao bila ya kumkata vipande viwili.

Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na hata mwaka mmoja kabla yake, pale masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yalipolegezwa huko Zanzibar, tumeshuhudia geuzo la ajabu. Wasomaji wa siku hizi humwita Kezilahabi nabii. Wanasema kwamba aliona mapema kwamba Ujamaa hautafaulu, na wanamchukua, hasa tangu alipofariki mwezi wa Januari mwaka 2020, kama shahidi wa upande wa soko huria na mali binafsi. Tunaona kwamba hili ni kosa lilelile lililovaa kanzu nyingine. Wa kwanza walimwita wa kulia ili wamlaumu, wa sasa wanamwita wa kulia ili wamsifu, na wote wawili wamempimia kwa umbali wake kutoka serikalini.

Mtu anayetaka kujua alipokuwa amesimama na arudi Kisole akiwa na swali jingine. Asiulize kama watu wale waliipenda siasa ya nchi. Aulize kama mwandishi aliamini kwamba umaskini waliokuwa nao kabla ya malori kufika ulikuwa umeandikwa na Mungu, au ulikuwa umefanywa na watu. Sisi tumekisoma kitabu kile mara nyingi, na hatukuona ukurasa ambamo umaskini huo umeachwa upite kama mvua au jua.